Niliua Mazombi, Nikayazima Macho ya Mjomba

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na sita. Ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, nimepanga chumba na sebule huko Kihonda. Sina mtoto. Mume nilikuwa naye, lakini alikwenda Dumila kufuata biashara ya vitunguu, akahamisha na moyo wake huko huko. Niiteni Fides. Siyo jina nililobatizwa, lakini mtanielewa mbele ya safari kwa nini nalificha.

Naandika haya nikiwa nimeinamisha uso, ingawa hapa nilipo hakuna anayeniona. Aibu ni kitu cha ajabu... haihitaji mtu wa kukutazama!

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyenichukua ni kaka yake, Mjomba Kolumbani. Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya Mkuyuni. Mjomba alikuwa mkulima wa mdalasini na ndizi, na Jumapili alikuwa akisoma masomo pale kigangoni kwetu. Hakuwa na mtoto aliyebaki hai. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake.

Nilipougua homa kali nikiwa mdogo, mvua ikiwa imekata njia, alinifunga mgongoni kwa kanga ya mkewe kama mwanamke, akateremka na mimi mpaka zahanati. Watu walimcheka njiani. Hakujali. Nilipomaliza shule akanipeleka kwa masista nikajifunze kushona, na cherehani yangu ya kwanza aliinunua yeye. Huyo ndiye mtu niliyemtenda...

Gemu lenyewe lilinijia kwa njia ya kipuuzi kabisa. Nilikuwa ofisini kwangu, kile kibanda changu karibu na soko, naangalia mishono ya vitenge kwenye simu. Likatokea tangazo. Dada mmoja amezingirwa na mazombi, wale wafu wanaotembea, nguo zimechanika na midomo imejaa damu. Chini pameandikwa maneno ya kuuliza kama nitaweza kumwokoa.

Nikabonyeza. Lilikuwa la bure! Ningekosa nini?

Mwanzoni kweli lilikuwa la bure. Nilifyatua, wakaanguka. Nikafyatua tena, wakaanguka wengi zaidi, simu ikatoa makofi na fataki. Jamani, tangu mume wangu aondoke hakuna aliyewahi kunipigia makofi! Wateja walikuwa wananinunia kwa nguo kuchelewa, mwenye nyumba ananinunia kwa kodi, lakini ndani ya simu nilikuwa shujaa.

Baada ya muda nikaingizwa kwenye kikosi. Tulikuwa Watanzania watupu, wengine wako Mwanza, wengine Mbeya, sijawahi kumwona hata mmoja kwa macho. Tukafungua na kundi la kuandikiana. Waliniita Mama Risasi. Asubuhi wananisalimia, jioni wananiuliza niko wapi, mbona mazombi wameingia na kamanda haonekani. Mwanamke aliyeachwa, aliyezoea kula peke yake, ghafla anatafutwa na watu. Mnanielewa?

Kisha mlango wa bure ukaanza kufungwa, taratibu, huku nikitabasamu. Risasi zikiisha, unasubiri masaa au unanunua. Ukiumwa na zombi, unasubiri upone au unanunua dawa. Kuna masanduku ya bahati, unalipia bila kujua ndani kuna nini. Unafungua, unakuta kofia! Kofia ya kuvaa kwenye mchezo, haiui hata mbu!

Na hawakuuzii kwa shilingi, hapo ndipo penye ujanja. Kwanza unanunua almasi zao kwa pesa ya kwenye simu, halafu ukitumia unatumia almasi. Shilingi ingeniuma. Almasi haikuniuma.

Bunduki niliyoinunua mwezi huu, mwezi ujao haina maana. Wanaleta zombi mpya mwenye ngozi ya chuma, na bunduki ya kumuua yeye ni mpya pia, inauzwa. Ukisita, saa inahesabu kurudi nyuma, ofa inaisha! Moyo unakwenda mbio kama vile kuna mtu anakufa kweli.

Nilianza kwa pesa ya vocha. Nikaja kwenye pesa ya nyuzi na vifungo. Hata hapo ningekuwa nimejiumiza mwenyewe tu. Ningejikuna mwenyewe na yangekwisha.

Lakini Mjomba akaanza kupoteza macho.

Alikuja mjini nikampeleka hospitali. Daktari wa macho akamwangalia kwa muda mrefu, akaniita pembeni. Akaniambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaondoka. La kulia bado linaona, na upasuaji ungeweza kulihifadhi pale lilipofikia. Akanisisitiza kwamba ugonjwa huu ukishachukua haurudishi, kwa hiyo mgonjwa asicheleweshwe.

Nilisikia. Naomba mjue hivyo. Siwezi kusema sikuambiwa.

Mjomba alirudi mlimani akakata mdalasini wote. Miti aliyokuwa akiivuna kidogo kidogo kwa miaka, safari hii aliilaza yote, akaimenya magome, akauza. Pesa akaipeleka kwa Bi Zaina, mama mmoja mwenyeji wa Kondoa aliyekuwa na kibanda cha uwakala wa pesa za simu pale kijijini. Bi Zaina akaituma kwenye namba yangu. Nikampigia nikamwambia imefika. Mjomba akachukua simu ile ile akaniambia:

"Fides, mimi namba hizo sizioni tena. Nakuachia wewe. Siku ukilipa, nijulishe nije."

Nilisema nitalipa Jumatatu.

Jumatatu hiyo hiyo kikosi chetu kilikuwa kwenye vita vya msimu. Tulikuwa tunashindana na kikosi kingine na tulikuwa tunapigwa. Kwenye kundi watu wanalia, Mama Risasi tuokoe, Mama Risasi umelala? Nikafungua simu... pesa ile pale. Nikajiambia nachukua kidogo, Jumamosi wateja wa sare za harusi wananilipa, nairudisha kabla hata vumbi halijatua.

Tulishinda! Niliruka pale kibandani mpaka fundi mwenzangu akashtuka.

Jumamosi wateja walilipa nusu. Nusu hiyo nayo ikaenda kwenye sanduku la bahati, kwa sababu nilidhani nikipata bunduki ya dhahabu naweza kuiuza kwa mtu wa kikosi na kurudisha yote. Sikuipata. Nikajaribu tena, sikuipata. Wasomaji, nilikuwa nafukia shimo kwa kuchimba shimo! Kabla mvua za vuli hazijaanza, pesa ya jicho la Mjomba ilikuwa imekwisha. Yote!

Mjomba akawa anapiga simu. Nikamwambia daktari amesafiri. Akapiga tena, nikamwambia mashine imeharibika. Mwisho akachoka kukaa mbali, akashuka mwenyewe na kifurushi chake, akaja kukaa kwangu ili awe karibu siku ikifika. Aliniletea na ndizi. Alipokuwa anavua viatu mlangoni niliona anapapasa ukuta...

Na sasa nawaeleza jambo linalonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo. Sikuacha kucheza. Nilicheza mbele yake! Yeye amekaa kwenye kiti, mimi nimekaa mkekani miguuni pake, simu mkononi, nafyatua. Kwa nini nijifiche? Hakuwa anaona. Nilitumia upofu wake kama pazia.

Matone yake ya macho yalipoisha nilikaa wiki nzima bila kununua mengine. Wiki hiyo hiyo nilinunua risasi.

Jioni moja waya wa sikioni ulichomoka. Sauti zikajaa sebule, bunduki, vilio, mazombi wananguruma. Mjomba akageuza kichwa.

"Ni nini hicho, Fides?"

Nikamwambia ni tamthilia ya kwenye simu. Ya wafu waliofufuka wakavamia mji.

"Sasa huyo anayepiga bunduki ni nani?"

"Kuna dada mmoja, Mjomba. Anawaokoa watu."

Akatikisa kichwa, akasema huyo dada ana roho nzuri. Tangu siku hiyo, jioni akawa ananiambia nifungulie ile tamthilia tusikilize wote. Akawa ananiuliza yule dada amefika wapi, na kama wale wafu hawachoki. Mimi namtungia hadithi, huku nacheza! Hivi mtu huwa anatoa wapi roho ya namna hii? Mpaka leo najiuliza.

Kumbe Mjomba hakuwa mjinga, alikuwa ananiamini tu. Siku moja nikiwa kazini akamwomba jirani yangu amtafutie bajaji, akaenda mwenyewe hospitali. Nesi akatafuta jina lake. Hakuna malipo, hakuna tarehe, hakuna kitu. Daktari hakuwahi kusafiri.

Nilirudi jioni nikamkuta amekaa pale pale.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Vipi, hospitali wamesemaje?"

Nikasema, bila hata kumeza mate, "Nimepita mchana. Daktari bado yuko Dodoma, wamesema labda wiki ijayo."

Aliniacha nimalize. Akaniacha niweke mkoba wangu chini. Ndipo akasema taratibu:

"Mimi nimetoka huko leo."

Nikapiga magoti.

"Pesa iko wapi, mama?" Aliniita mama, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mtoto.

"Nimeitumia."

"Unaumwa? Umepata mkosi gani ukanificha?" Alikuwa ananitafutia sababu! Alikuwa anaomba niseme naumwa!

"Hapana, Mjomba. Kwenye gemu. Ile... ile tamthilia unayoisikia jioni siyo tamthilia. Ni mchezo wa kwenye simu. Unalipia."

"Ile ya wafu?"

"Ndiyo."

"Na yule dada anayeokoa watu?"

"Ni mimi."

Nilisikia watoto wa jirani wakicheza nje. Kisha akauliza kitu ambacho sitakisahau mpaka naingia kaburini.

"Kwa hiyo wale wafu ni wa uongo, ila pesa ya kuwaua ni ya kweli?"

Hakunitukana, hakunipiga. Akaomba maji ya kunywa. Nilipompa kikombe, mkono wake ulipita pembeni, ukashika hewa, ukarudi, ukatafuta tena...

Nilifuta lile gemu pale pale. Mnadhani niliona fahari? Simu ilipokuwa inaniuliza kama nina uhakika, kidole kilirudi nyuma kwanza. Mjomba amekaa kipofu mbele yangu, na mimi bado nauonea huruma ubingwa wangu!

Ukoo ulikutana mlimani kutafuta pesa nyingine. Nilikwenda naye nikijua nakwenda kufukuzwa. Mama mdogo Leokadia, dada mdogo wa marehemu mama, ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote, pesa ya mdalasini imekwenda wapi?

Mjomba akatangulia kabla sijafungua mdomo.

"Iliibiwa kwenye simu," akasema. "Mnajua siku hizi matapeli wamejaa."

Mtu aliyekuwa akisoma Neno la Mungu kigangoni! Mtu ambaye hakuwahi kuongeza hata ndizi moja kwenye maneno yake! Alisema uongo mbele ya ukoo kwa ajili yangu.

Na mimi je? Nilinyamaza. Mama mdogo akaja akanikumbatia, akalia begani kwangu, akasema pole mwanangu kwa kuibiwa. Nikalia naye. Watu wanaobeba mboga kichwani kwenda kuuza Mkuyuni wakafungua pindo za kanga wakachanga, mimi nikipokea pole.

Tulimpeleka. Daktari alimpima, akanitambua. Hakugomba. Alisema tu kwamba mshipa wa jicho la kulia umeshakufa na hakuna cha kupasua. Pesa za michango akashauri zirudishwe. Mjomba akamwambia asante. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta wa hospitali.

Mngedhani mkasa umeishia hapo. Sivyo. Uongo una tumbo, huzaa.

Kijijini watu wakaanza kuulizana, kama pesa iliibiwa kwenye simu, nani alikuwa anajua ipo? Nani aliituma? Macho yote yakamgeukia Bi Zaina. Si mtu wa huku, wakasema. Kaja na mume, mume kafa, kabaki na kibanda, anajenga nyumba kwa pesa gani? Wateja wakamkimbia. Wengine wakapita mbele ya kibanda chake wakitema mate.

Alishuka mpaka mjini, akanitafuta mpaka akakipata kibanda changu. Ni mama wa makamo, ana sauti ya upole. Hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Fides mwanangu, wewe unajua ile pesa ilikufika. Ulinipigia mwenyewe ukasema imefika salama. Wananiita mwizi. Naomba uwaambie."

Nikamjibu, "Nitawaambia, mama."

Sikuwaambia. Wiki ikapita, na nyingine, mimi nashona suruali za watu. Nilijiambia yatapoa yenyewe.

Hayakupoa. Siku ya gulio vijana waliokunywa walikivunja kile kibanda. Walitupa mbao bondeni.

Siku iliyofuata Mjomba alinipigia kwa simu ya jirani. Alisema, "Nimewaambia siyo Zaina, wanadhani namwonea huruma. Uongo niliusema mimi, lakini siwezi kuufuta bila kukutaja. Na kukutaja nimeshindwa. Njoo uufute mwenyewe." Akakata.

Nilipanda mlima Jumapili. Baada ya ibada, wakati wa matangazo, nikamwomba katekista nafasi. Nilisimama mbele ya watu walionifundisha kutembea. Nilisema yote. Nilisema mimi ndiye mwizi, Bi Zaina alituma na nilipokea, na kwamba kwa pesa ya jicho la Mjomba Kolumbani nilipiga risasi mazombi wa kwenye simu. Mzee mmoja aliuliza zombi ni nini. Ikabidi nieleze! Pale, mbele ya altare, mwanamke mzima naeleza kwamba ni katuni za watu waliokufa...

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.

Mama mdogo Leokadia alitoka nje bila kunitazama. Shamba la ukoo nililokuwa nimeahidiwa kando ya kijito, amepewa binamu yangu, na ni haki yake. Niliuza cherehani zangu mbili, nikampelekea Bi Zaina pesa ya kibanda. Sasa hivi nashona kwa kuajiriwa, kwenye cherehani ya mtu mwingine.

Bi Zaina nilimkuta Mlali, ndiko alikohamia kuanza upya. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya wateja wake. Aliipokea pesa.

"Nimekusamehe kwa sababu ya dini yangu," akasema. "Lakini usije tena hapa."

Sijarudi.

Mjomba yuko kijijini. Kila mwisho wa wiki napanda kumfulia na kumpikia, na ananipokea vizuri, ananiuliza habari za mjini. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kama ananichukia.

"Giza nimelizoea, Fides," akasema. "Linaloniuma ni kwamba tulikaa sebule moja muda wote ule, kumbe nilikuwa peke yangu."

Wasomaji wenzangu, pesa inatafutwa, hata heshima mtu anaweza kuikusanya upya kidogo kidogo. Lakini zile jioni alizokuwa akiniuliza habari za yule dada, akidhani tunasikiliza pamoja, nitazirudisha kwa almasi gani?

Sisemi kila anayecheza ni mwizi. Kuna wanaocheza wakaacha, na heri yao. Nazungumza na wewe unayejijua. Wewe uliyetumia ada ya mtoto ukisema utarudisha. Wewe unayegeuza simu kifudifudi mwenzako akiingia. Wewe ambaye watu wa mbali usiowajua wanakuita kamanda, na wa ndani kwako hawajasikia sauti yako tangu asubuhi. Nakuomba, kwa aibu yangu yote hii niliyoianika, usingoje kufumaniwa. Mwite mtu mmoja unayemwamini, leo, umwambie ukweli pesa ikiwa bado ipo na mgonjwa akiwa bado anaona.

Mimi niliusema ukweli. Niliusema mbele ya kanisa zima... lakini niliusema baada ya kila kitu kuvunjika. Msichelewe kama mimi.